Njia ya hewa na magonjwa ya kupumua kwa binadamu na wanyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wanaolea watoto na wanaofuga wanyama. Nimeyaweka mahali pamoja makusudi. Mapafu ya mtoto, paka na farasi yanaugua kwa namna zinazofanana kuliko wengi wanavyodhani, na pale yanapotofautiana, tofauti hiyo mara nyingi imo kwenye umbo la njia ya hewa yenyewe. Ukijua njia imebana wapi, umeshajua nusu ya ugonjwa.

Hewa hupita wapi tangu puani hadi kwenye damu?

Ndani ya pua mna mifupa myembamba iliyojikunja na kufunikwa utando wenye damu nyingi. Hewa ikipita hapo hupata joto, hulowana na kuacha vumbi lake. Kisha hushuka kooni, hupita katikati ya nyuzi za sauti zilizomo kwenye zoloto, na kuingia kwenye trakea. Trakea ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na pete za gegedu 16 hadi 20 huizuia isijibane. Pete hizo hazijafunga mduara: kwa nyuma ziko wazi na pengo limezibwa na msuli, upande ule ule ulikolala umio wa chakula.

Chini yake trakea hugawanyika kuwa bronki mbili, nazo huendelea kugawanyika, takriban mara 23, hadi kufika kwenye vifuko vidogo vya hewa. Mtu mzima ana vifuko hivyo zaidi ya milioni 300. Ukuta wake ni mwembamba mno, na ng'ambo ya ukuta huo ndiko damu inakopita: oksijeni inaingia, kaboni dioksidi inatoka.

Njia kubwa zimefunikwa ute, na chini ya ute kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma kuelekea kooni mchana na usiku. Tunaumeza bila kujua. Moshi wa sigara hulemaza vijinywele hivyo. Hewa ya ammonia kwenye banda la kuku lisilosafishwa hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana banda linalowasha macho yako unapoingia ni banda la kuku wagonjwa, hata kama bado hawajaonyesha.

Kwa nini binadamu hupaliwa kirahisi?

Kwa sababu njia ya hewa na njia ya chakula hukutana kooni, tena zoloto la mtu mzima limeshuka chini sana. Kila tukimeza, zoloto hupanda, nyuzi za sauti hufunga, na kifuniko chake kiitwacho epigloti hulala juu ya mlango. Ukizungumza au kucheka huku unameza, mpangilio huo huvurugika.

Mtoto mchanga zoloto lake liko juu zaidi, karibu na nyuma ya pua, kwa hiyo hutegemea pua zaidi kupumua. Pua ya mtoto wa wiki mbili ikiziba kwa mafua, hawezi kunyonya vizuri. Kwa mtu mzima hilo ni kero tu; kwake ni njaa.

Farasi amejengwa tofauti kabisa. Kaakaa lake laini limekaa chini ya epigloti na kufunga njia ya mdomoni, hivyo hupumua kwa pua peke yake, hata akiwa mbioni. Ukimwona farasi anapumua kwa mdomo, kuna tatizo kubwa. Nyangumi wenye meno wamekwenda mbali zaidi: zoloto lao limeingia ndani ya njia ya pua, hewa na samaki wanaowameza havikutani. Nyoka naye, akiwa na windo mdomoni ambalo kulimeza huchukua muda mrefu, husogeza mlango wa trakea mbele, sakafuni mwa mdomo, ukatokeza pembeni, naye akaendelea kupumua.

Mtoto amevuta karanga au kitu kidogo. Kimekwenda wapi, na nifanye nini?

Mara nyingi huenda pafu la kulia. Bronki ya kulia ni pana zaidi na imeshuka wima kuliko ya kushoto, ambayo inalazimika kupisha moyo. Mtoto aliyevuta kitu anaweza kukohoa sana kwa dakika chache kisha akatulia, wazazi wakashukuru Mungu, halafu baada ya siku kadhaa akaanza homa na nimonia ya upande mmoja. Nimonia inayorudi palepale kila mara imfanye daktari aulize juu ya karanga. Picha ya eksirei isiyoonyesha kitu haitoshi kukuondolea wasiwasi, maana chakula hakionekani kwenye eksirei kama sarafu inavyoonekana.

Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia wala kutoa sauti, mwinamishe mbele umpige mapigo matano katikati ya mabega kwa kiganja. Isipotoka, msukume tumboni mara tano kutoka chini ya mbavu kuelekea juu, na urudie zamu hizo huku mtu mwingine akiita msaada. Aliye chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumboni: hulazwa kifudifudi mkononi, kichwa chini, kwa mapigo ya mgongoni, kisha hugeuzwa na kubonyezwa kifuani. Akipoteza fahamu, mlaze chali uanze kumfufua kwa kubonyeza kifua. Usichokonoe koo kwa kidole usichoona kinakwenda wapi, utakisukuma ndani.

Kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe kuna bronki ya ziada inayotoka kwenye trakea yenyewe kabla ya mgawanyiko na kwenda sehemu ya mbele ya pafu la kulia. Ndama au mwanakondoo anayenyweshwa dawa kwa chupa, kichwa kimeinuliwa sana, akipaliwa, dawa inaweza kuishia huko, na nimonia inayofuata huwa mbaya. Usiinue kichwa zaidi ya usawa wa mgongo.

Nasikia sauti anapopumua. Nitajuaje tatizo liko wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halihitaji chombo chochote. Tazama kifua. Je, sauti inatoka kinapopanda au kinaposhuka?

Mkoromo mkali unaotoka wakati wa kuvuta hewa ndani unaonyesha kwamba tatizo liko juu: puani, kooni, kwenye zoloto au sehemu ya trakea iliyo shingoni. Mluzi unaotoka wakati wa kutoa hewa unaonyesha kwamba tatizo liko kifuani, kwenye bronki ndogo. Sababu yake ni ya kifizikia. Nyonya kwa nguvu kwenye mrija laini wa soda, kuta zake zinakutana. Ndivyo inavyokuwa shingoni tunapovuta hewa: msukumo ndani ya njia unakuwa mdogo kuliko wa nje, na palipobana panazidi kubana. Ndani ya kifua mambo hugeuka. Kifua kinapotanuka huvuta na njia za hewa zikafunguka. Kinapobana ili kutoa hewa, njia ndogo hubanwa pia. Ndiyo maana mwenye pumu huvuta hewa bila shida kubwa lakini kuitoa ni kazi.

Sauti ikisikika pande zote mbili, kuvuta na kutoa, huenda kuna kitu kigumu kilichobana palepale, au trakea yenyewe imebanwa na uvimbe. Mbwa wadogo, hasa wa umri wa kati na kuendelea, hupata ulegevu wa pete za trakea, wakakohoa kikohozi kikavu kinachofanana na mlio wa bata bukini, hasa wakivutwa kwa mkanda wa shingoni. Hao wafungwe mkanda wa kifuani.

Na kuna sauti ya tatu isiyo kelele: ya kubadilika. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti wa kushoto hushuka kwanza hadi kifuani, ukazunguka chini ya aorta, mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kisha ukapanda tena shingoni. Njia ndefu hiyo huufanya uwe rahisi kudhurika. Kwa farasi wakubwa mshipa huo huzorota wenyewe, upande wa kushoto wa zoloto ukalegea, na farasi akaanza kunguruma anapokimbia. Kwa binadamu, uvimbe wa pafu au aorta iliyotanuka huweza kuubana, na mtu akaja kwa daktari akilalamikia sauti tu. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu bila mafua ya kueleweka inahitaji kuchunguzwa, hasa kwa mvutaji sigara.

Kwa nini mafua yaleyale yanamlemea mtoto mchanga na mimi yananiacha nikitembea?

Hesabu. Ukinzani wa hewa kwenye bomba hupanda kwa kipeo cha nne cha kupungua kwa upana wake. Chukua njia ya mtoto yenye kipenyo cha milimita 4. Ukuta ukivimba milimita 1 tu pande zote, kipenyo kinabaki milimita 2 na ukinzani unapanda mara 16. Kwa mtu mwenye njia ya milimita 8, uvimbe uleule unapandisha ukinzani mara tatu hivi. Hiyo ni hewa inayopita kwa utulivu. Mtoto akilia na hewa ikaanza kuzungukazunguka, hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mtoto mwenye kikohozi cha kubweka na mkoromo anapovuta hewa asibughudhiwe: mwache mapajani mwa mama yake, usimfungue mdomo kwa nguvu kumwangalia koo, mpeleke hospitali akiwa ametulia.

Nitatambuaje nimonia kwa mtoto kabla ya kufika kituo cha afya?

Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, si anapolia wala kunyonya. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni kupumua haraka iwapo mtoto wa chini ya miezi 2 anafikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 anafikisha 50, na wa miezi 12 hadi 59 anafikisha 40. Angalia pia sehemu ya chini ya kifua: ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hilo ni jambo la kwenda hospitali leo. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea asiyeamka vizuri, aondoke sasa hivi.

Homa peke yake haitofautishi nimonia na mafua. Kasi ya pumzi inasaidia zaidi, na mzazi anayejua kuhesabu anawahi kuliko anayesubiri mwili upate moto.

Makohozi ya kijani yanamaanisha nahitaji antibiotiki?

Hapana. Rangi ya kijani hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopambana, na huonekana hata kwa virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Kinachomtia daktari wasiwasi ni homa isiyoshuka, maumivu ya kifua, damu kwenye kohozi, kupungua uzito, jasho la usiku. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu.

Pumu na ugonjwa sugu wa kuziba mapafu unaowapata wavutaji sigara ni kitu kimoja?

Vyote vinabana njia za hewa, lakini pumu huja na kuondoka. Misuli inayozunguka bronki hukaza, ukuta huvimba, ute huongezeka. Kisha kwa dawa, au wakati mwingine yenyewe, njia hufunguka. Ugonjwa sugu wa kuziba mapafu haurudi nyuma hivyo: kuta za vifuko vya hewa zimekwisha kuliwa na moshi, uwe wa sigara au wa kuni jikoni kwa miaka mingi. Kipimo cha kupuliza, spirometri, ndicho hutofautisha. Baada ya kuvuta dawa ya kutanua bronki, hewa inayotoka sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote iliyopulizwa, kuziba huko ni kwa kudumu.

Kuhusu inhela, watu wengi wenye pumu bado wanatumia ya bluu peke yake, inayofungua misuli, na wanaisifu kwa sababu inafanya kazi papo hapo. Lakini haigusi uvimbe. Miongozo ya kimataifa ya GINA iliacha mwaka 2019 kupendekeza matibabu ya dawa hiyo peke yake kwa watu wazima na vijana. Inataka kuwe na dawa ya steroidi ya kuvuta ndani yake au pamoja nayo. Mtu anayemaliza inhela ya bluu haraka haraka hana pumu iliyodhibitiwa, hata kama anajisikia vizuri leo.

Je, wanyama nao hupata pumu?

Paka hupata, na inafanana sana na yetu. Hujikunja chini, shingo imenyooshwa mbele, anakohoa mfululizo. Mwenyewe anadhani paka anataka kutapika nywele na haendi popote. Kama hakuna nywele zinazotoka, mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari wa mifugo. Paka pia hutibiwa kwa steroidi ya kuvuta, kupitia kifaa chenye barakoa usoni, na wengi huzoea baada ya siku chache za subira.

Farasi wa zizini naye huumizwa na vumbi na ukungu wa nyasi kavu. Anapokuwa mbaya hutumia misuli ya tumbo kusukuma hewa nje hadi mstari wa msuli unatokeza chini ya mbavu. Dawa husaidia, lakini kumpa dawa huku bado anakula nyasi zilezile za vumbi ni kujisumbua. Atolewe malishoni, au nyasi zilowekwe.

Mbwa wangu wa uso bapa anakoroma tangu mdogo. Si kawaida yake?

Ni jambo linaloonekana mara nyingi, lakini si la afya. Tumezalisha fuvu fupi huku nyama za ndani zikibaki na urefu wake: matundu ya pua yamebana, kaakaa laini ni refu na linaangukia zolotoni, na wakati mwingine trakea nayo ni nyembamba. Anavuta hewa kwa nguvu kila siku, na nguvu hiyo huvimbisha koo zaidi. Mbwa hupoza mwili kwa kutweta, kwa hiyo siku ya joto huyu anaweza kufa kwa kushindwa kupoa. Apunguzwe uzito, asikimbizwe juani, na daktari aangalie kama upasuaji wa kupanua pua na kufupisha kaakaa unafaa. Ukifanywa mapema, kabla zoloto halijaanza kujikunja ndani, hufaa zaidi.

Kwa nini kuku wakianza kukoroma hufa haraka hivyo?

Ndege hana mapafu yanayojaa na kunywea kama yetu. Mapafu yake ni madogo, yamebanwa mgongoni, karibu hayasogei; hewa husukumwa ndani yake na vifuko vya hewa, mara nyingi tisa, vilivyotandaa kifuani na tumboni hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Hewa hupita mapafuni kwa mwelekeo mmoja, na pumzi moja huhitaji mizunguko miwili ya kuvuta na kutoa ili ikamilishe safari. Mfumo huu unafyonza oksijeni vizuri kuliko wetu. Hufyonza na sumu vivyo hivyo: wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walibeba ndege wa kanari kupima gesi hatari hadi mwaka 1986, na sufuria isiyoshika chakula ikiachwa motoni ikaungua inaweza kuua kasuku aliye chumba cha pili huku watu wakiwa wazima.

Vifuko hivyo vina damu kidogo, kwa hiyo maambukizi au ukungu ukiingia, dawa na kinga ya mwili huvifikia kwa shida. Tena ndege hana msuli wa kiwambo kati ya kifua na tumbo kama wetu. Hupumua kwa kusogeza mbavu na mfupa wa kidari. Ukimkamata kifua kwa kumbana, unamnyonga huku njia ya hewa iko wazi kabisa.

Kukoroma kwa kuku kunaweza kuwa mdondo, bronkaitisi ya kuku, mafua makali, au ammonia tu. Wakifa wengi kwa ghafla, usichinje wala kuuza waliobaki; toa taarifa kwa daktari wa mifugo.

Ni magonjwa gani ya kupumua yanayohama kati ya mnyama na mtu?

Mafua ya ndege ndiyo yanayoogopwa. Aina ya H5N1 iliwapata watu kwa mara ya kwanza Hong Kong mwaka 1997: watu 18 waliugua, sita wakafa. Virusi vya ndege hushika vipokezi ambavyo kwa binadamu vipo zaidi ndani kabisa ya mapafu kuliko puani na kooni. Hilo linaeleza mambo mawili kwa pamoja: ni vigumu kuambukizwa, lakini aliyeambukizwa anaweza kuugua vibaya.

Kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi na hewa ya banda, chemsha maziwa. Watu nao wamewaambukiza wanyama kifua kikuu, tembo wakiwemo. Homa ya Q hutoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wanapozaa au kutupa mimba, vumbi la kondo likivutwa. Ndege wa jamii ya kasuku huweza kuleta sitakosi, nimonia inayotibika ikiwa daktari ameambiwa kwamba nyumbani kuna ndege. Mwambie asipouliza.

Mdondo kwa kawaida humletea mtu wekundu wa macho tu. Homa ya mapafu ya ng'ombe haimwambukizi mtu kabisa, ila ina hila yake: kipande cha pafu kilichokufa huzungukwa na ganda, ng'ombe akaonekana amepona, kumbe bado amebeba vimelea. Kumnunua huyo na kumwingiza kundini bila kipimo ni kamari.

Naweza kumpa mnyama dawa yangu ya mafua?

Usimpe. Paracetamol humuua paka, ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Mbwa aliyetafuna na kutoboa inhela ya bluu ni dharura. Moyo wake hukimbia na potasiamu ya damu hushuka.

Dalili zipi hazingoji kesho asubuhi?

Kwa mtu: midomo au ulimi kuwa wa bluu au kijivu, kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mwenye pumu ambaye mluzi umenyamaza huku bado anahangaika (hewa haipiti tena, ndiyo maana hakuna sauti), udenda unaotoka kwa mtoto aliyeketi ameinama mbele hataki kulala. Kwa mbwa na paka: ufizi kubadilika rangi, viwiko kutanuliwa mbali na kifua, kukataa kulala chini. Hesabu pumzi akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika usiku baada ya usiku, mpigie daktari. Na paka anayehema mdomo wazi akiwa amekaa tu, mweke kwenye kisanduku chake polepole, bila kumbana kifua, mwondoke.